Njia ya Mtoni Imelala

Haya nimesimuliwa na binti yangu wa pili, mwezi uliopita, siku alipokuja kunisaidia kufua. Alifua, akaanika, akakaa mlangoni mikono bado inanukia sabuni, mara akaanza kucheka peke yake. Nilipomwuliza kinachomchekesha akaniambia, "Mama, mimi na kale katoto tumeokoa mji mzima, na wala hatukutoka sebuleni." Nusu ya mambo haya aliyaona mwenyewe, maana yalitokea nyumbani kwake. Nusu ya pili, ile yenye moto, aliipata kwa mkwewe, mke wa mwanawe. Nami nayaandika kama nilivyoyapokea. Chumvi sikutia, au kama nilitia, ni ya kuonja tu.

Huyo mkwe, kazini kwake wanamwita Msusi. Vichwa vya watu hasuki, hata chake mwenyewe hukifunga kitambaa wiki nzima. Anachosuka ni njia za mwanga. Mimi mwanzoni nilidhani ni taa za barabarani, nikaelezwa polepole kama mtoto. Simu tunazopiga, picha tunazotumiana, hesabu za benki, vipimo vya hospitali, vyote hivyo siku hizi husafiri kama mwanga ndani ya uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Wao huuita faiba. Ndani ya unywele mmoja hupita rangi nyingi za mwanga, kila rangi na mzigo wake, na rangi mbili za aina moja hazipiti pamoja, zitavurugana. Sasa lazima awepo wa kuamua nani apite njia gani na kwa rangi gani, na njia ikikatika, awepo wa kufumua na kusuka upya haraka kabla watu hawajaanza kutukana simu zao. Hiyo ndiyo kazi ya Msusi.

Ubaya wake ni kwamba njia hukatika zinapotaka zenyewe. Kwa hiyo Msusi na wenzake walikuwa wakikesha kwa zamu mbele ya skrini, mwaka nenda mwaka rudi, kusubiri baya litokee. Mume wake ni dereva wa magari ya masafa, leo yuko huku, kesho kule. Mtoto wao alibaki kwa bibi yake, yaani huyu binti yangu, akala kwake, akaoga kwake, na alipoanza kusema, bibi ndiye aliyeitwa Mama. Msusi naye hakukosa jina. Mtoto alimwita Bai. Kila alipomwona, alimwona amesimama mlangoni na mkoba begani anapunga mkono, "Bai, mwanangu, bai," basi mtoto akajua hilo ndilo jina la huyo mwanamke. Watu walicheka sana. Msusi alicheka nao, kisha akaenda jikoni akafungulia bomba la maji lipige kelele, asisikike.

Ndipo ikaja habari ya Mpangaji. Huyo si mtu, ni programu. Msusi na wenzake waliilea kwa muda mrefu, wakaifundisha kila walichokijua wao: njia ipi ndefu, ipi fupi, rangi ipi iko wazi wapi, nani asogezwe kwanza na nani asiguswe. Walitaka ifike mahali iuangalie mtandao yenyewe mchana na usiku, na njia ikiziba, iamue yenyewe na kuhamisha mwanga bila kumwamsha mtu. Skrini zake waliziandika kwa Kiswahili chao cha ofisini. Njia inayobeba mzigo iliandikwa INAFANYA KAZI. Njia nzima isiyobeba kitu, inayongoja zamu yake, iliandikwa IMELALA. Waliliona neno zuri, lina utulivu ndani yake.

Siku ya kumjaribu Mpangaji ilipangwa iendane na ukarabati wa daraja. Waya mkubwa unaolisha mji wa ng'ambo ulining'inia chini ya daraja hilo, na mafundi wa daraja walitaka kuukata mchana ule na kuuhamishia upande wa pili. Mkuu wa kituo, mwanamume mpole anayekunywa chai iliyopoa makusudi, aliwakusanya asubuhi akatoa sharti lake. Njia ya darajani ikikatwa, Mpangaji aihamishe mizigo yote peke yake. Akiweza, zamu za usiku zinakufa kuanzia leo, watu walale kwao. Lakini mkono wa mtu ukigusa chochote, jaribio limeanguka, na wanarudi kukesha mpaka mwakani.

Msusi alikuwa ametoka kukesha usiku uleule. Mwenzake alimshauri akalale, akakataa. Alisema mtoto wa kwanza alimzaa macho makavu, huyu wa pili hawezi kumzaa akiwa amesinzia.

Mapema, kabla wengine hawajafika, fundi wa laini alikuwa ameita kwa redio kutoka bondeni. Fundi huyo wanamwita Ngazi, kwa urefu wake na kwa sababu hajawahi kuonekana bila ngazi begani. Redio ilikwaruza kama kuku anayepekua, ikatoa maneno machache tu: "Ofisi, njia ya mtoni imelala."

Njia ya mtoni ndiyo ilikuwa mlango wa pili wa kwenda ng'ambo, waya unaopita juu ya nguzo kando ya mto. Msusi alikuwa ameshamwomba Ngazi aikague. Aliposikia imelala, akafurahi. Akajibu, "Vizuri sana, Fundi. Iacheni ilale."

Ngazi akasema sawa. Msusi akaangalia skrini, mwanga wa majaribio unapita mtoni safi kabisa, akaiwekea njia ile alama ya IMELALA, akajimiminia chai.

Mchana ulipokaribia, chumba kilijaa. Mpangaji alikuwa ameshaonyesha kwenye skrini kubwa anachokusudia kufanya: mizigo yote ya ng'ambo, hospitali, zimamoto, shule, masoko, ataihamishia mtoni. Njia fupi, safi, tupu. Hata Msusi mwenyewe angechagua hiyohiyo. Mkuu alikuwa na redio mkononi, tayari kuwaambia watu wa daraja wakate.

Hapo simu ya Msusi ikatetemeka. Mama mkwe. Kila siku saa hizo humpigia kumpa habari za mtoto, iwe jua iwe mvua. Msusi akajikunja pembeni, akaipokea kwa kunong'ona.

"Mtoto amelala," mama mkwe akasema.

"Afadhali, Mama. Mwache alale."

"Nimwache?"

"Mwache mpaka ashibe. Akiamshwa atasumbua."

Mama mkwe akasema kwa sauti ya mtu anayeshangaa malezi ya siku hizi, "Haya. Ila anapigapiga kisigino sakafuni, atajiumiza."

"Anapiga kisigino usingizini?"

"Usingizi gani tena? Amelala chini, mwanangu. Hapa sakafuni, chali, kama gunia. Nimemnyang'anya rimoti. Sasa wewe unaniambia nimwache mpaka ashibe, ashibe nini, vumbi?"

Msusi akaanza kucheka. Kicheko kikafika katikati kikakauka. Binti yangu anasema upande wa pili wa simu alisikia tu pumzi, halafu mkwewe akasema taratibu, kama anayejisemea mwenyewe, "Amelala chini." Kisha simu ikakatwa bila hata kwaheri.

Maana Msusi alikuwa amekumbuka kitu. Ngazi si mtu wa ofisini. Ngazi haoni skrini na hajui walichoandika humo. Kwa watu wa nguzo, kitu kilicholala ni kitu kilichokwenda chini: mti umelala, ukuta umelala, nguzo imelala. Na yeye kwa mdomo wake alikuwa amemjibu, vizuri sana, iacheni ilale.

Akamkimbilia Mkuu.

"Mkuu, usitoe ruhusa."

Mkuu akashusha redio. Hakuuliza kitu, aliuona uso. Msusi akanyakua redio ya pili akamwita Ngazi, akamwuliza njia ya mtoni imelala vipi.

Ngazi alijibu kwa upole wa mtu aliyekasirika tangu asubuhi. Alisema imelala kama alivyosema, nguzo ziko matopeni, mto ulipanda jana ukazing'oa, waya umenyooka chini na mbuzi wanauruka. Yeye aliripoti, akaambiwa vizuri sana. Wenzake wamemcheka asubuhi nzima kwamba ofisi imefurahi nguzo kuanguka.

"Lakini hapa naona mwanga unapita," Msusi akasema.

"Utapita tu, kioo hakijavunjika. Ila sasa hivi nakikata, ili tuinue nguzo. Wewe si ulisema iachwe, yaani leo hamuihitaji? Mkasi huu hapa mkononi."

Msusi alimsihi asubiri. Ngazi akasema atasubiri kidogo, hana ugomvi, lakini trekta za mashambani zinarudi saa yoyote na njia yao inapita juu ya huo waya. Asipoukata yeye, zitaukata zenyewe, tena vibaya.

Basi mambo yakawa wazi kwa kila aliyekuwa chumbani. Mpangaji anaona mwanga, anaona njia safi. Matope hayaoni, na mbuzi hawaoni. Akiachwa, ataubeba mji mzima wa ng'ambo na kuulaza matopeni, na pale ng'ambo kuna wodi, kuna wagonjwa, kuna daktari anayesomewa picha zake na bingwa aliye mbali. Daraja nalo halingojeki, mafundi wameshalegeza vishikizo na waya unaning'inia kwa kamba. Wa kumwambia Mpangaji ukweli ni mtu. Na mtu akigusa, zamu za usiku zinabaki.

Mwenzake mmoja alinong'ona kwamba labda Ngazi aombwe azuie trekta kwa muda, jaribio lipite kwanza. Msusi alimsikia. Binti yangu anasema mkwewe alimkiria hivi: kwa kitambo cha kufumba jicho alilitamani sana wazo hilo. Alimwona mtoto mlangoni akimpungia, "Bai." Kisha akawafikiria wale wa wodini, ambao hata hawajui kwamba kuna mtu anaitwa Msusi.

Akavuta kibodi. Akafuta IMELALA, akaandika HAIPITIKI. Akaondoa mikono, akaificha chini ya makwapa kama mtu anayeona baridi.

Ile skrini kubwa ikasafisha mistari yote. Ikabaki nyeusi.

Kulikuwa na njia moja tu iliyobaki, ya milimani, ndefu, inayozunguka miji mingine yote kabla ya kufika ng'ambo. Na ilikuwa imebanana. Rangi ambazo mizigo ya ng'ambo ilizihitaji zilikuwa wazi mwanzo wa njia, lakini kule mbele zilishakaliwa na wengine. Kwa mkono, Msusi alijua, hiyo ni kazi ya kutoa jasho usiku kucha: umsogeze huyu ili yule apate nafasi, na huyu asogezwe bila kuhisi kwamba amesogezwa. Ni kama kichwa kilichokwisha kusukwa, unaambiwa uongeze misuko mingine katikati na mwenye kichwa asiamke.

Mkuu aliinua kikombe chake, akakirudisha bila kunywa.

Mara mstari mmoja ukatokea kwenye skrini, huko milimani, ukabadilika rangi. Wa pili ukasogea. Mwingine, ambao Msusi asingethubutu kuugusa, ukahamishwa kwenye waya wa jirani na nafasi yake ikabaki wazi. Mpangaji alikuwa anafumua. Alifumua hapa, akasuka pale, bila haraka na bila kusitasita, na Msusi akajikuta anazifuata hatua kwa midomo, kama mama anayemsikiliza mwanawe akisoma mbele ya darasa. Kisha mizigo ya ng'ambo ikaanza kupita, hospitali kwanza, kama walivyomfundisha. Rangi juu ya rangi, mpaka msuko wote ukakaza.

Chini yake yakaandikwa maneno: NIMEMALIZA.

Mkuu akatoa ruhusa, mafundi wa daraja wakakata. Mtoni Ngazi naye akakata. Kwenye skrini njia mbili zikazima pamoja, na ile ya tatu ikaendelea kung'aa kama hakuna lililotokea.

Msusi hakuamini skrini. Asubuhi ile ilikuwa imeshamwonyesha mwanga juu ya matope. Akapiga simu ya hospitali ya ng'ambo. Ikaita, ikapokewa na mtu wa mapokezi mwenye sauti ya kuchoka, aliyeuliza amsaidie nini.

"Hakuna kitu," Msusi akasema. "Nilitaka kusikia tu."

Akaambiwa kama hakuna kitu aache kuzuia laini, kuna wagonjwa. Simu ikakatwa kwenye sikio lake. Msusi anasema hajawahi kufokewa vizuri namna ile. Akakaa chini, akashusha pumzi mpaka wenzake wakadhani analia, na kweli alikuwa analia kidogo, lakini kwa kucheka.

Lilibaki lile sharti. Hakuna aliyetaka kuligusa, kila mtu akajishughulisha na karatasi au na kitasa cha mlango. Msusi ndiye aliyesimama akasema mwenyewe kwamba mkono wake umegusa, na kwamba kosa la neno ni lake, Ngazi aliripoti vizuri.

Mkuu akanywa chai yake, safari hii yote. Akamwuliza nani aliyechagua njia ya milimani. Msusi akasema Mpangaji. Nani aliyesogeza rangi? Mpangaji. Nani aliyeitanguliza hospitali?

"Mkono wako haukugusa njia," Mkuu akasema. "Uligusa neno. Na neno lilikuwa bovu kabla Mpangaji hajazaliwa. Nenda nyumbani ukalale."

Mtu mmoja nyuma akauliza kwa adabu zote, kulala kupi, na chumba kizima kikapasuka kwa kicheko. Hapohapo ikaamuliwa neno lile litolewe kwenye skrini. Njia inayongoja iandikwe INANGOJA, na Ngazi akauliza kwa redio je, nguzo zikianguka aseme nini, au ofisi itafurahi tena. Msusi akamwomba radhi mbele ya wote. Ngazi akasema yamekwisha, lakini kuanzia leo, kabla hajaripoti chochote, atauliza kwanza kama ofisi imekunywa chai.

Binti yangu wakati huo alikuwa anamsubiri mtoto achoke kugoma. Akasikia komeo la mlango, na jua bado liko juu. Akashtuka, akadhani mkwewe amefukuzwa kazi. Msusi akaweka mkoba chini, akavua kiatu kimoja, akasimama na kingine mguuni kama aliyesahau kilichokuwa kinafuata, akaeleza yote kwa mkupuo mmoja. Mama mkwe alishika mdomo. Akasema kumbe ile simu iliyokatwa bila kwaheri ilikuwa na kazi, yeye alikuwa ameshaandaa maneno ya kumsema jioni.

Mtoto, pale chini, aliinua kichwa. Machozi yalikuwa yamechora mistari kwenye vumbi la mashavu. Akamwona mama yake, akainua mkono kama alivyozoea.

"Bai," akasema.

"Hapana, mwanangu," Msusi akamjibu. "Leo hakuna bai. Usiku nipo. Na kesho usiku nipo."

Mtoto hakuelewa. Akarudia bai yake mara kadhaa, akiangalia mlango na mama yake kwa zamu. Huyu mtu akishaambiwa bai huondoka, sasa leo mbona amekaa? Msusi hakuondoka. Alijilaza palepale sakafuni kwenye mkeka, chali, kando ya mtoto, akapigapiga kisigino kama yeye. Mtoto akatazama kisigino kile kwa muda mrefu. Mwishowe akaona hili si jambo la kugombana peke yake, akasogea, akaweka kichwa kwenye mkono wa mama yake.

Jioni ilianza kuingia dirishani. Bondeni, Ngazi alikuwa amesimamisha nguzo yake ya mwisho na sasa anakoroma kwenye kiti cha mbele cha gari, miguu imetoka dirishani kwa urefu. Mkuu aliondoka ofisini mapema, akafungua ukurasa wa kwanza wa gazeti, hakufika wa pili. Mtoto alipitiwa na usingizi, kidole mdomoni, na rimoti, sijui aliipata saa ngapi, chini ya tumbo. Binti yangu naye alikaa kochini aone wataamka lini, shingo ikaanguka upande.

Msusi ndiye aliyebaki macho. Mwili ulishazoea kungoja baya. Alisikiliza simu yake iliyokuwa kimya mezani, akangoja itetemeke. Haikutetemeka. Huko mbali Mpangaji alikuwa anazunguka na nyuzi zake, anasogeza huyu, anampisha yule, na hakuna aliyeitwa. Alifikiria avue kile kiatu cha pili, akaona kitamwamsha mtoto. Akafumba macho ajaribu tu.

Akalala, chini sakafuni na usingizini, kwa maana zote mbili.